Kusafirisha karabai, saa ya keya na vitu vingine vyenye mionzi hafifu

Familia inayohama Bukima kwenda Musoma mjini hubeba godoro, masufuria, majembe na, kama nyumba ni ya mvuvi wa dagaa, karabai moja au mbili zilizobaki tangu kabla ya taa za sola. Ndani ya kasha la karabai mara nyingi kuna pakiti ya tambi za akiba. Tambi hizo, zikiwa za aina ya zamani, zina thoriamu, na thoriamu hutoa mionzi. Muuza duka hakukuambia kwa sababu naye hakuambiwa, na pakiti nyingi hazisemi lolote.

Mwongozo huu ni wako wewe unayehama, unayetuma mzigo kwa basi kutoka stendi ya Bweri, unayefunga kambi ya uvuvi kisiwani Rukuba, unayekarabati nyumba ya wageni Bunda, au uliyeachiwa na babu saa ambayo namba zake ziliwahi kung'aa gizani. Usiingiwe na hofu. Vitu vya nyumbani vyenye mionzi hafifu havina madhara ya kutisha vikiwa vizima. Ubaya wake huanza vikipondwa, vikifunguliwa, vikichomwa moto, au vikiingia kwenye rundo la vyuma chakavu bila mtu kujua. Ndiyo maana masharti ya kuvisafirisha, ya Tanzania na ya kimataifa, karibu yote yanadai mambo mawili: kitu kifike kizima, na anayekipokea ajue amepokea nini.

Mionzi ya kiasi gani?

Kipimo utakachokutana nacho kwenye lebo ni bekereli. Bekereli moja maana yake atomu moja inavunjika kila sekunde. Ukisikia bekereli 1,000 usishtuke: mwili wa mtu mzima una bekereli zaidi ya 4,000 za potasiamu ya asili aliyoipata kwenye chakula, na anatembea nazo maisha yake yote. Miamba ya matale iliyozagaa Musoma nayo ina urani na thoriamu kidogo. Kiasi cha mionzi ambacho mwili hupokea, yaani dozi, hupimwa kwa siveti na vipande vyake kama milisiveti. Kwa wastani wa dunia, mtu hupata kutoka kwenye mazingira dozi ya milisiveti 2.4 kwa mwaka. Mionzi inayotokana na shughuli za binadamu, ukiacha matibabu, haitakiwi kumwongezea mwananchi wa kawaida zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka.

Idadi ya bekereli haitoshi kukueleza hatari. Inabidi ujue pia mionzi iko nje ya mwili au ndani. Thoriamu ya utambi wa karabai na amerisiamu ya kengele ya moshi hutoa zaidi miale ya alfa, na miale hiyo huzuiwa na karatasi moja, hata na ngozi ya mkono wako. Lakini ukivuta vumbi lake, au ukalila pamoja na ugali, miale hiyo inafanya kazi moja kwa moja kwenye nyama laini ya mapafu na utumbo. Kwa hiyo unapofunga mzigo, jambo la kulichunga kuliko yote ni vumbi na majivu.

Karabai

Hii ndiyo habari kubwa kwa watu wa Majita, eneo ilipo Bukima, na nitaikalia kidogo.

Utambi wa karabai ulibuniwa na mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, aliyepata hataza yake ya kwanza mwaka 1885. Miaka michache baadaye aligundua mchanganyiko uliotoa mwanga mweupe mkali: karibu asilimia 99 thoriamu na asilimia 1 seriamu. Kifuko cha uzi huchovywa kwenye chumvi za madini hayo na kukaushwa. Ukikifunga kwenye taa na kukiwasha mara ya kwanza, uzi wote unaungua, na kinachobaki ni umbo la majivu magumu ya madini. Majivu hayo ndiyo yanayong'aa yakipigwa na moto wa mafuta. Kwa mwanga huo wavuvi wa Ziwa Viktoria waliwavuta dagaa usiku wa giza kwa miongo mingi, mpaka taa za sola zilipoanza kuziondoa karabai mialoni.

Tangu miaka ya 1990 watengenezaji kadhaa wameacha thoriamu na kutumia itriamu, ambayo haina mionzi. Tambi za thoriamu hata hivyo zimeendelea kutengenezwa na kuuzwa sehemu mbalimbali duniani. Utazitofautishaje? Kwa macho huwezi. Pakiti ikiandika waziwazi kwamba utambi hauna thoriamu au hauna mionzi, umepona. Ikiwa kimya, ichukulie kuwa ina thoriamu na uifunge hivyo, hutapoteza kitu.

Utambi mmoja wa thoriamu huwa na bekereli kama 1,000. Kisheria, kanuni za usafirishaji za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo Tanzania ni mwanachama wake tangu 1976, hazimgusi mwenye nyumba aliyekwisha kununua bidhaa iliyoidhinishwa na anayehama nayo. Karabai yako na tambi zako za akiba hazihitaji kibali. Unachodaiwa hapo ni uangalifu tu, na uangalifu wenyewe ni huu.

Tambi mpya ambazo hazijawashwa ziache kwenye pakiti yake. Pakiti itie kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Kopo la maziwa ya unga linafaa kabisa. Andika juu yake kwa kalamu nzito: TAMBI ZA KARABAI, USIFUNGUE KARIBU NA CHAKULA. Kopo lisikae kwenye gunia la dagaa wakavu wala kwenye ndoo ya unga, kwa sababu pakiti ikipasuka huwezi tena kutenganisha.

Utambi uliokwisha kuwashwa usisafirishwe ukiwa ndani ya taa. Barabara ya kutoka Busekera na Makojo kuja Musoma ina mitikisiko, na bodaboda inaongeza yake. Majivu yale yatakuwa vumbi kabla hujafika Mugango. Utoe nyumbani. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, watoto wakiwa mbali. Taa iwe imepoa kabisa. Nyunyizia utambi matone ya maji ili majivu yasiruke, ushike kwa karatasi au kitambaa chenye unyevu, uweke kwenye mfuko wa plastiki na ufunge fundo. Pangusa kioo na sehemu ya kichomeo kwa kitambaa chenye maji, kisha kitambaa hicho nacho kiingie kwenye mfuko uleule. Usipulize kwa mdomo. Hilo ndilo kosa linalofanywa zaidi: mtu anaona vumbi jeupe kwenye kichomeo, anainamisha kichwa na kulipuliza, halafu analivuta. Usile wala kuvuta sigara mpaka unawe mikono kwa sabuni.

Mfuko wa utambi mmoja au tambi mbili zilizokufa unaweza kwenda na taka za nyumbani. Nchi nyingi zinaruhusu hivyo kwa kiasi hicho. Usiutupe jikoni motoni, na usiutupe mahali kuku wanapochakura.

Nikiongeza neno moja kwa anayesafiri na karabai: mwaga mafuta ya taa kabla ya safari, fungua pampu upepo utoke, na acha chombo kikauke. Kati ya vitu vyote vilivyomo kwenye taa hiyo, mafuta ndiyo yanayoweza kuua abiria wa haisi nzima kwa dakika chache. Thoriamu inafuata mbali nyuma yake.

Kwa mfanyabiashara hali inabadilika. Anayechukua katoni za tambi Mwanza na kuzisambaza Musoma, Kibara na visiwani habebi tena kifaa chake cha nyumbani, anabeba shehena. Kiwango ambacho chini yake shehena ya thoriamu ya asili haihesabiwi kabisa ni bekereli 1,000 kwa shehena nzima, yaani kama utambi mmoja. Juu ya hapo mzigo huweza kwenda kama kifurushi chenye msamaha, ambacho ndicho daraja jepesi kuliko yote katika kanuni za usafirishaji wa mionzi. Masharti yake hayatishi: kifungashio kiwe imara kiasi cha kutovuja katika mitikisiko ya kawaida ya safari, mionzi inayopimwa kwenye uso wa nje isizidi maikrosiveti 5 kwa saa, kwa nje iandikwe namba ya Umoja wa Mataifa inayohusika, ambayo kwa vifaa na bidhaa zilizotengenezwa ni 2911 na kwa kiasi kidogo cha malighafi ni 2910, pamoja na jina la mtumaji au mpokeaji, na ndani liwepo onyo, neno RADIOACTIVE, litakaloonwa na mtu pindi anapofungua. Kuagiza mzigo wa namna hiyo kutoka nje ya nchi na kuumiliki ni jambo la kuzungumza kwanza na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC.

Kengele ya moshi

Bukima kwenyewe ni nadra kuikuta. Utaikuta kwenye benki, kwenye maghala, na kwenye hoteli na kambi za watalii za upande wa Bunda, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Ni kile kisahani cheupe kinachobandikwa darini. Ziko aina mbili. Ya mwanga haina mionzi. Ya pili ina chembe ya amerisiamu-241, mara nyingi ya bekereli 37,000 au pungufu, iliyofungwa kwenye kikapsuli cha chuma. Geuza kisahani usome mgongo wake: ukiona Am-241, au alama ya mionzi, yale mabawa matatu yanayozunguka duara, ni aina ya pili.

Amerisiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 432. Kengele iliyokufa betri, iliyokatika nyaya, iliyopakwa rangi na kusahauliwa, bado ina karibu mionzi yote iliyotoka nayo kiwandani. Fundi umeme anayebadilisha mfumo wa hoteli na kushusha kengele hizo zote kwa siku moja, halafu akazitupa kwenye kiroba ili auze shaba na plastiki yake, ameunda shehena ya mionzi bila kujua. Moja tu ya bekereli 37,000 imezidi kiwango ambacho chini yake shehena haihesabiwi, ambacho kwa amerisiamu ni bekereli 10,000.

Kwa hiyo kama ni moja ya nyumbani kwako, itoe betri, ifunge kwa gazeti na plastiki, iweke ndani ya boksi gumu na uhame nayo. Usiifungue kutafuta kikapsuli. Kama ni nyingi, zisitoke kwenye jengo mpaka umempata aliyeziuza azipokee au TAEC wakueleze ziende wapi. Tanzania ina ghala maalumu la kuhifadhia taka za mionzi, chini ya Tume hiyo, Njiro mkoani Arusha. Mwenye hoteli aandike jambo hili kwenye mkataba na fundi kabla ngazi haijaegemezwa ukutani, maana baada ya hapo huwa ni kutafuta viroba vilipokwenda.

Saa na dira za zamani

Mkoa wa Mara ulitoa askari wengi kwa keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na baada ya vita vya pili vya dunia baadhi yao walirudi na saa za mkononi, saa za mezani na dira zilizong'aa gizani. Ukizikuta leo hazing'ai, na hapo ndipo watu hudanganyika. Rangi ile ilikuwa mchanganyiko wa radiamu na unga wa salfidi ya zinki. Radiamu ilipiga, zinki ikang'aa. Zinki imechoka baada ya miaka. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo saa ya mwaka 1943 ina radiamu yake karibu yote.

Radiamu ni mbaya zaidi ya thoriamu na amerisiamu kwa mtu wa nyumbani. Inatoa pia miale ya gama inayopita kwenye kioo, na inazaa gesi ya radoni. Rangi ikikauka hubanduka na kuwa unga. Marekani, katika miaka ya 1910 na 1920, wasichana wa viwanda vya saa walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo walipokuwa wakipaka namba. Wengi waliugua mifupa ya taya na baadhi wakafa, na kesi yao ndiyo iliyoamsha sheria za kulinda wafanyakazi wa mionzi. Walikuwa wakimeza rangi ileile iliyoko kwenye saa ya babu yako.

Usimpe fundi saa wa sokoni aifungue, usikwangue namba, usimpe mtoto achezee. Ikiwa kioo chake ni kizima, itie kwenye mifuko miwili ya plastiki inayozibwa, kisha kopo la bati, na kopo likae nyuma ya gari pamoja na mizigo. Usisafiri nayo mfukoni saa nyingi na usiiweke chini ya mto. Ikiwa kioo kimepasuka au unaona unga wa njano au kahawia ndani, usisafiri nayo kabisa. Ifunge ilipo, nawa, pigia simu TAEC. Anayetaka kuitoa kwa makumbusho, kwa mfano ile ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, awaeleze kabla hajafika ili waipokee kama kifaa cha mionzi.

Saa za siku hizi zinazong'aa baada ya kupigwa na taa hazina mionzi. Zenye herufi T chini ya namba 6 zina tritiamu, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushei na miale yake haipiti hata kwenye kioo cha saa. Vaa, safiri, usihangaike.

Mbolea, na sindano za kuchomelea

Mbolea ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, imetokana na mwamba wa fosfeti, na fosfeti karibu kote duniani hubeba urani na radiamu ya asili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulipima kwenye mwamba wa Minjingu radiamu ya bekereli 5,700 na zaidi kidogo kwa kilo. Kanuni za usafirishaji zinaanza kuhesabu madini ya asili ya aina hii yanapovuka bekereli 10,000 kwa kilo, kwa hiyo gunia lako halihitaji kibali maalumu. Lifunge mdomo, lifunike lisitimue vumbi kwenye kichanja cha gari, watoto wasikalie magunia safari nzima, na usichanganye unga wake na chakula cha kuku.

Mafundi wachache wanaochomelea alumini na chuma kisichoshika kutu kwa gesi ya argoni wanatumia sindano za tangsteni. Zenye ncha nyekundu zina thoriamu asilimia 2. Kuzisafirisha si shida. Vumbi la kuzinoa ndilo shida. Noa nje na uzibe pua.

Ukikuta kitu kizito kisichoeleweka

Hapa mwongozo unabadilika kabisa, na naomba usome polepole. Yote niliyoeleza juu ni mionzi hafifu. Migodi, viwanda, wajenzi wa barabara na hospitali hutumia vyanzo vyenye nguvu kubwa mno kuliko hivyo: vipimo vya ujazo wa matangi, vipimo vya msongamano wa udongo, mashine za tiba. Mkoa wenye migodi ya dhahabu na biashara kubwa ya vyuma chakavu kama Mara hauna budi kujua sura ya vitu hivyo. Dalili zake ni kopo au silinda ndogo yenye uzito usiolingana na ukubwa wake, kwa sababu ndani kuna risasi. Alama ya mionzi hata kama imefifia. Maandishi kama Cs-137, Co-60 au Ir-192.

Mwezi Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazili, watu wawili walichukua kichwa cha mashine ya tiba kwenye jengo la kliniki lililoachwa, wakakibeba kwa toroli, wakakivunja na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani kulikuwa na unga wa sesiamu uliotoa mwanga wa buluu. Watu waligawiana unga huo, wakajipaka. Wanne walikufa, akiwemo mtoto wa miaka sita. Watu 249 walikutwa na uchafuzi wa mionzi, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Kilichowaua kilikuwa kimesafirishwa mtaa hadi mtaa, hadi kwenye basi la abiria.

Kitu cha namna hiyo usikisafirishe hata hatua moja, hata kwa nia njema ya kukipeleka polisi. Kiache kilipo. Rudi nyuma mita 30, zuia watu na mifugo, mwambie mwenyekiti wa kijiji na polisi, na TAEC waitwe. Waliokigusa wanawe mikono na wasiondoke kwenda nyumbani kabla majina yao hayajaandikwa. Usikubali pia maneno ya wanunuzi wanaozunguka wakitafuta zebaki nyekundu kwenye redio kuukuu na cherehani za Singer. Zebaki nyekundu haipo. Uvumi huo uliwahi kupandisha bei ya cherehani Saudi Arabia mwaka 2009, na unachozaa ni watu kuvunja vitu vya kale gizani bila kujua ndani mna nini.

Barabarani, ziwani, angani na mpakani

Kwa basi, mtindo wetu ni kumkabidhi karani wa mizigo kifurushi na namba ya simu ya mpokeaji. Kwa vitu hivi, mwambie karani kilichomo, andika ndani na nje, na omba kikae kwenye buti mbali na vyakula. Karani akikataa, ana haki. Usiende kampuni ya pili ukadanganya kuwa ni vyombo. Kama unaweza, safiri nacho mwenyewe.

Kwa mtumbwi au kivuko, kama kile cha Kisorya kwenda Rugezi upande wa Ukerewe, kopo lifungwe kwenye chombo kinachoelea. Kitu kikizama ziwani hakuna wa kukiokota, na ziwa hilo ndilo tunalokunywa.

Kwa ndege kutoka Mwanza, saa ya tritiamu mkononi haina neno. Tambi, kengele na saa za radiamu usizitie begini kimyakimya. Shirika la ndege liulizwe mapema, na likisema hapana, ni hapana. Posta nayo haichukui mionzi isipokuwa kwa mtumaji aliyeidhinishwa rasmi.

Ukivuka Sirari kwenda Isebania umeingia kwenye mamlaka ya Kenya, ambako msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Uganda wana Baraza la Nguvu za Atomiki. Ruhusa ya Tanzania haikuvushi. Baadhi ya bandari na mipaka duniani ina milango ya kupima mionzi, nayo huweza kulia hata kwa lori la vigae au mbolea. Dereva mwenye karatasi zinazoeleza mzigo huondoka mapema kuliko asiye nazo.

Unampigia nani

TAEC iliundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003, ikirithi Tume ya Taifa ya Mionzi ya sheria ya 1983. Wafanyabiashara wanaopeleka dagaa na sangara nje ya nchi wanaijua tayari, kwa sababu ndiyo inayotoa cheti kwamba samaki wamepimwa mionzi. Kama humjui afisa wao, muulize mfanyabiashara wa dagaa mwaloni kwako; namba ya ofisi ya kanda iliyoko Mwanza anayo. Ukipiga, sema kitu ni nini, kina maandishi gani, ni kizima au kimevunjika, kipo wapi na nani amekigusa. Piga picha ya lebo kwa simu ukiwa umesimama mbali, uwatumie. Usikipakie kwenye bodaboda ili uwapelekee, subiri waseme.

Kwenu wenye maduka ya Mugango, Makojo, Kibara na Musoma mjini mnaoendelea kuuza vifaa vya karabai: mkiagiza mzigo ujao, dai tambi zisizo na thoriamu, na za zamani zilizobaki rafuni wekeni mbali na unga, sukari na mikate. Na kwenu viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, ambao wavuvi wanawasikiliza kuliko afisa yeyote: kambi inapofungwa, kagueni karabai zote kabla mtumbwi haujang'oa nanga, tambi zilizoungua zitolewe kwa maji na zifungwe hapohapo mwaloni.